Wastani wa laki moja kwa siku ulivyonifanya niuze cherehani

Naandika hii kwa ajili ya mtu anayetaka kununua biashara ya mwenzake, au kuchukua mkopo wa rejesho la kila siku, au hata kwenda kuajiriwa sehemu kwa sababu kaambiwa "huku kwa wastani mtu anaondoka na kiasi fulani". Mimi niliumizwa na hilo neno wastani na niliumia kweli. Tena sikudanganywa, namba zote nilizoonyeshwa zilikuwa za kweli kabisa na hesabu niliyopiga ilikuwa sahihi, ila sikujua namba mbili tatu kubwa zinaweza kufanya nini zikichanganywa na zile ndogo.

Nianze mwanzo. Niko Dodoma, nilikuwa nashona nguo nyumbani, oda za vitenge na sare za shule, hela inakuja lakini kwa kusuasua. Karibu na chuo kimoja kulikuwa na banda la chipsi ambalo mwenyewe alikuwa anahama mkoa anatafuta wa kumuachia. Alitaka kilemba cha 2,400,000 pamoja na vifaa vyote, makarai mawili, majiko mawili ya mkaa, kabati la vioo, meza mbili na viti nane vya plastiki na friji ndogo. Nikaenda kuangalia mara mbili, jioni zote mbili nikakuta watu, nikapenda.

Nikamwambia kaka naomba unionyeshe mauzo. Hakusita, akatoa kauntabuku yake, imelowa mafuta pembeni, akanifungulia ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mauzo ya siku 15. Naziweka hapa kama zilivyokuwa maana ndizo nitakazozizungumzia mpaka mwisho:

58,000, 62,000, 55,000, 310,000, 265,000, 190,000, 70,000, 64,000, 49,000, 66,000, 60,000, 72,000, 57,000, 63,000, 68,000.

Zile tatu kubwa nikaziona, nikamuuliza, akasema "hizo siku bumu lilitoka dada, hapo wanafunzi wanakula zege na mishkaki mpaka unaomba wapungue". Bumu ni ile hela ya kujikimu ya wanafunzi wa chuo wanaokopeshwa, inaingia kwa awamu, na ikiingia mtaa mzima unajua. Badala ya kushtuka mimi nikafurahi. Nikatoa simu pale pale nikajumlisha, 1,509,000, nikagawa kwa 15 nikapata 100,600. Kichwani ikakaa hivyo, hili banda linaingiza laki moja kwa siku. Nikaenda nalo nyumbani nikalala nalo nikamwambia kila mtu, laki moja kwa siku.

Hesabu niliyofanya usiku ule ilikuwa hivi. Kwenye chipsi, ukishatoa viazi, mafuta, mayai, mkaa na mifuko, kwenye kila 10,000 ya mauzo mimi nabaki na kama 4,000. Kwa hiyo laki moja inanibakizia kama 40,000. Kijana wa kumenya na kukaanga 5,000 kwa siku. Nabaki na 35,000. Nilikuwa na akiba 1,300,000, nikahitaji 1,500,000 nyingine ili nilipe kilemba, kodi ya miezi sita 240,000 na nibaki na 160,000 ya kuanzia viazi na mafuta. Kampuni moja ya mikopo, hii tunayoiita kausha damu, wakanipa hiyo 1,500,000 kwa masharti ya kurudisha 31,000 kila siku kwa siku 60, jumla 1,860,000. Nikasema 31,000 si ipo ndani ya 35,000, na bado napata 4,000 ya mboga, siku 60 si nyingi, zikiisha banda ni langu. Dada yangu aliniuliza "una uhakika?" nikamwambia nimepiga hesabu.

Siku ya kwanza nikauza 61,000. Nikasema ni ugeni. Ya pili 66,000. Ya tatu 58,000. Wiki ikaisha hakuna hata siku moja niliyogusa 75,000. Nikaanza kujilaumu, labda chipsi zangu hazikauki vizuri, labda kachumbari, labda yule kaka alikuwa na mdomo mtamu na mimi sina. Nikabadilisha mafuta, nikaongeza kipimo cha chipsi kwenye sahani ili wateja warudi, yaani nikajikata faida mwenyewe. Mauzo yakabaki pale pale. Ile 64,000 ikiingia mimi nabaki na 25,600, nikimlipa kijana nabaki na 20,600, na afisa mikopo anakuja saa kumi na mbili jioni anataka 31,000. Kila siku napungukiwa kama 10,400. Mwanzoni nilikuwa nachomoa kwenye hela ya viazi, nikawa nakula mtaji, kesho yake nanunua ndoo pungufu, chipsi zinaisha mapema, nauza kidogo zaidi. Anayejua biashara ndogo anajua huo mzunguko unavyokwenda.

Siku ya 20 pengo lilikuwa limefika 208,000, na faini za kuchelewesha 28,000 juu yake. Nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nje moyo unaenda mbio, nikawa simwangalii yule kijana wangu wa kazi usoni maana anaona kila kitu. Nikauza cherehani. Nilikuwa naipenda ile mashine, ndiyo iliyonilea, nikaiuza 180,000 kwa mtu niliyejua anajua nina shida. Iliyobaki 56,000 kaka yangu akanisaidia. Nikalipa, nikarudi nyumbani pale mashine ilipokuwa inakaa kuna alama nne za miguu yake kwenye sakafu, nikakaa chini nikalia.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa dada yangu, alikuwa amekuja likizo, yuko sekondari. Jioni moja banda halina mtu akachukua ile kauntabuku ya mwenye banda wa zamani, alikuwa ameniachia, akaanza kuisoma kama gazeti. Akaniuliza "mama mdogo, hii laki moja uliyokuwa unaisema iko wapi humu?" Nikamwambia ndiyo wastani wake. Akasema najua, lakini ni siku gani aliuza laki moja? Nikaangalia. Hakuna. Hakuna hata siku moja yenye laki moja wala iliyo karibu na laki. Kuna siku 12 ziko kati ya 49,000 na 72,000, halafu kuna siku tatu ziko juu huko mawinguni. Katikati patupu. Siku 12 kati ya 15 ziko chini ya wastani! Mimi ningeambiwa hivyo kabla ya kusaini, kwamba mara nne kati ya tano utauza chini ya hii namba, nisingesaini.

Akachana karatasi ya daftari vipande 15, kila kipande akaandika mauzo ya siku moja, akavipanga mezani kuanzia kidogo kwenda kikubwa, pale pale kwenye meza ya wateja, vipande vikawa vinanyonya mafuta na kung'ang'ania kwenye meza. 49, 55, 57, 58, 60, 62, 63, 64, 66, 68, 70, 72, 190, 265, 310. Akasema sasa toa kimoja kushoto na kimoja kulia. Nikatoa 49 na 310. Tena. Nikatoa 55 na 265. Tena, tena, mpaka kikabaki kipande kimoja, 64. Akasema hiyo ndiyo mediani, namba ya katikati, nusu ya siku ziko chini yake na nusu ziko juu. Nikakiangalia kile kipande, 64,000, ndiyo mauzo niliyokuwa nayapata mimi kila siku na kujiona nimeshindwa biashara. Sikuwa nimeshindwa chochote. Nilikuwa nauza kama yule kaka alivyokuwa anauza siku zake za kawaida. Siwezi kueleza nilivyojisikia, hasira na nafuu kwa pamoja.

Sasa hapa ndipo palipo na somo lenyewe na nataka ulifanye kwa mkono wako maana ukisoma tu halikai. Yule binti akachukua kile kipande cha 310 akakifuta akaandika 610, akaniambia piga tena. Jumla ikapanda kutoka 1,509,000 kwenda 1,809,000, wastani ukatoka 100,600 ukawa 120,600. Elfu ishirini kamili imeongezeka kwenye kila siku, kwa kubadilisha siku moja tu. Mediani? Tukatoa kushoto kulia, kushoto kulia, 64. Ile ile. Akaongeza sifuri kwenye 310 ikawa 3,100, yaani milioni tatu na laki moja kwa siku ya chipsi, kitu kisichowezekana. Wastani ukaruka mpaka 286,600. Mediani 64.

Sababu yake ni rahisi ukiielewa. Wastani ni kama watu 15 mmetupa hela zenu zote kwenye kapu moja halafu mnagawana sawa kwa sawa. Akija mmoja na mzigo mkubwa kila mtu anaonekana tajiri, ingawa mfukoni kwake hakuwa nacho. Ukitaka kujua utasogea kiasi gani huna haja ya kujumlisha upya, chukua tofauti ya namba ya zamani na mpya ugawe kwa idadi ya siku. 300,000 gawa kwa 15 ni 20,000, basi. Mediani yenyewe ni kama paredi ya shule mkipangwa kwa urefu, mfupi mbele mrefu nyuma, halafu anaitwa wa katikati. Yule wa mwisho kabisa hata akirefuka mara mbili bado ni wa mwisho, wa katikati hajabadilika. Mediani haimuulizi mtu ana ukubwa gani, inamuuliza amesimama upande gani.

Lakini hii haina maana kwamba mediani haisogei kabisa, hili watu wengi wanalikosea na mimi nilianza kulikosea. Tulijaribu kushusha ile 310 ikawa 80. Wastani ukashuka mpaka kama 85,300, mediani ikabaki 64 kwa sababu 80 bado iko upande wa juu. Tukaishusha ikawa 40, hapo imevuka katikati imeenda upande wa pili, basi mediani ikasogea hatua moja, kutoka 64 kwenda 63. Hatua moja tu, kwa jirani yake. Na upande wa chini ni vivyo hivyo, siku ya 49,000 tukaifanya sifuri, kama vile umeme umekatika au umeuguliwa hukufungua, wastani ukashuka kutoka 100,600 hadi kama 97,300 na mediani ikakaa kimya.

Halafu tukazitoa kabisa zile siku tatu za bumu. Zikabaki 12, jumla 744,000. Wastani 62,000. Mediani, hapo wa katikati wanakuwa wawili, 62 na 63, unachukua nusu kwa nusu, 62,500. Angalia hapo vizuri. Wastani umeanguka kutoka 100,600 hadi 62,000 kwa kutoa siku tatu. Mediani imetoka 64,000 hadi 62,500. Namba moja imeporomoka karibu 40,000 na nyingine imeinama kidogo. Mimi mkopo wangu wote niliujenga juu ya ile iliyoporomoka.

Kuna kitu kingine tulikigundua usiku ule kwenye kauntabuku ambacho sikukiona wakati nanunua. Tarehe zilikuwa zinaruka. Kutoka tarehe 9 kwenda 12. Siku mbili hakufungua, na kwa kuwa hakufungua hakuandika. Lakini rejesho la mkopo haliruki tarehe. Tukaweka sifuri mbili, siku zikawa 17, wastani ukashuka mpaka kama 88,800 na mediani 63,000. Kwa hiyo ukipewa daftari angalia tarehe kwanza kabla hata ya kuangalia hela, siku iliyokosekana ni sifuri iliyofichwa.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa wale wa mkopo na vile vipande vya karatasi vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Niliogopa sana. Nikamweleza afisa, siku yangu ya kawaida ni 64,000, ninachobaki nacho ni 20,600, mimi 31,000 siwezi na mkiendelea hivi mtachukua friji na bado hamtamaliza deni lenu. Zilikuwa zimebaki siku 40, yaani 1,240,000. Nikaomba ziwe siku 80, 15,500 kwa siku. Wakanizungusha, wakanirudisha mara mbili, mwisho wakakubali ila wakanitoza 90,000 ya kubadilisha mkataba. Iliniuma lakini nikalipa kidogo kidogo, na tangu siku ile sikuchelewa tena rejesho hata moja. Ukifika mahali umebanwa nenda mwenyewe mapema na namba zako mkononi, usisubiri wakufuate, nilipoteza siku 20 kwa kujificha.

Ningependa hadithi iishie hapo ila nilifanya kosa la pili na hili ni la upande wa pili kabisa. Baada ya kuumwa na wastani nikauchukia. Nikawa kila kitu nakipima kwa mediani. Nikipanga viazi, mediani. Nikipanga matumizi ya mwezi, mediani. Bumu lililofuata likatoka siku ya Jumatano, mimi nina viazi vya mauzo ya 64,000 na ziada kidogo. Saa moja na nusu jioni karai linakwangua, foleni imefika barabarani, nikatuma kijana sokoni kumefungwa, nikasimama pale nikaangalia wanafunzi wanahamia banda la jirani na hela zao mkononi. Siku iliyotakiwa kuwa ya laki mbili na kitu niliishia 118,000. Mediani ilikuwa imeniambia ukweli kuhusu siku ya kawaida, lakini Jumatano ile haikuwa siku ya kawaida, na mimi nilijua tarehe za bumu kama mtu mwingine yeyote mtaani.

Kosa lingine dogo la hapo hapo, kidogo niuze banda kwa hasara. Alikuja mtu akanipa ofa ya 1,500,000, nikapiga 64,000 mara siku 15 nikapata 960,000 nikaona mbona mauzo ni madogo bora niuze. Binti akanizuia kwenye simu. "Mama mdogo, zile siku 15 zilikuwa 1,509,000, sasa 549,000 nyingine umeipeleka wapi?" Na kweli. Ukizidisha mediani kwa idadi ya siku hupati jumla, inakupotea. Ukizidisha wastani ndiyo unapata jumla, ndivyo ulivyotengenezwa, umetoka kwenye jumla na unarudi kwenye jumla. Kwa hiyo ukitaka kujua biashara inaingiza kiasi gani kwa msimu mzima, au uweke kiasi gani cha kodi ya mwaka, au uuze banda bei gani, hapo unataka wastani na zile siku kubwa ziwemo, ni hela halali zimeingia. Ukitaka kujua kesho jioni afisa akija utakuwa na nini mfukoni, hapo unataka mediani. Mimi nilijibu swali la pili kwa namba ya swali la kwanza, nikauza cherehani, halafu nikajibu swali la kwanza kwa namba ya swali la pili, kidogo niuze banda.

Nilipokuwa nasoma soma hii mambo nikakutana na habari ya Mwingereza mmoja, Francis Galton, ya mwaka 1907. Kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth watu walilipa kiingilio wakawa wanakisia maksai mmoja akichinjwa na kusafishwa atakuwa na uzito gani. Galton akazikusanya kadi 787 akazipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa akachukua ya katikati, hoja yake ikiwa kwamba ukitumia wastani mtu mmoja mwenye kisio la ajabu ajabu anakuwa na nguvu kuliko wenzake, na nguvu yake inakua kadiri anavyozidi kuwa wa ajabu. Ya katikati ikawa ratili 1,207 (ratili ni paundi, kama nusu kilo), na uzito halisi ulikuwa 1,198. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba wastani wa makisio yale ulikuwa 1,197, yaani wastani ndio uliokaribia zaidi! Nilikaa nikawaza kwa nini kule wastani umefaulu na kwangu ukanitia shimoni. Nadhani ni kwa sababu pale waliokosea walikosea huku na huku, wengine juu sana wengine chini sana, wakasawazishana. Kwenye chipsi hakuna kusawazishana. Siku mbaya kabisa ni sifuri, huwezi kuuza chini ya sifuri, lakini siku nzuri inaweza kwenda popote. Zile siku kubwa zote zimekaa upande mmoja na zinauvuta wastani upande huo huo. Mshahara uko hivyo, bei za nyumba ziko hivyo, mauzo ya duka yako hivyo. Mtu akikutajia wastani wa vitu vya namna hii ujue karibu kila mara umekaa juu ya mtu wa kawaida.

Sasa hivi naandika mauzo kwenye simu, kwenye Google Sheets, siku moja mstari mmoja, na siku nisipofungua naandika 0. Chini nimeweka fomula mbili, =AVERAGE na =MEDIAN, kila moja na mistari yake kwenye mabano, haichukui hata dakika. Siangalii namba moja bila nyingine, naangalia pengo lao. Zikiwa karibu karibu, najua mwezi ulikuwa wa kawaida. Zikiachana najua kuna kitu, aidha siku kubwa ya kweli au nimekosea kuandika. Na hili lilishanitokea, mwezi mmoja wastani ukaniambia 79,200 na mediani 62,000, bumu halikutoka mwezi ule, nikajua hapa pana namna. Nikapitia mstari kwa mstari nikakuta siku moja nimeandika 580,000 badala ya 58,000, kidole kimegusa sifuri mara mbili. Nikarekebisha, wastani ukashuka mpaka 61,800, mediani ikasogea nusu tu ikawa 61,500. Sifuri moja kwenye siku 30 ilikuwa imenipa 17,400 ya uongo kila siku. Ningekuwa na wastani peke yake ningeamini naendelea vizuri na pengine ningekopa tena.

Ila angalizo, usifute namba kwa sababu tu ni kubwa. Ile 580,000 niliifuta kwa sababu niliijua ni kosa la kidole, nina risiti za viazi za siku ile zinazoonyesha nisingeweza kukaanga mzigo wa hivyo. Ile 310,000 ya yule kaka haikuwa kosa, ilikuwa siku ya kweli ya jasho la kweli, na ukiifuta unaifuta hela yake. Nilichofanya mimi nimeweka kurasa mbili, ya siku za kawaida na ya siku za bumu, kila moja na hesabu yake. Wiki ya bumu naongeza magunia na kijana wa pili, na kila kinachozidi siku ya kawaida hakigusi matumizi ya nyumbani, kinaenda kwenye kodi na kwenye akiba ya likizo ndefu, maana chuo kikifungwa siku yangu ya kawaida inashuka mpaka 20,000 na hapo si mediani si wastani wa muhula utakaonisaidia.

Juzi mama mmoja tunayefahamiana sokoni alinifuata, kuna kibanda cha juisi stendi anauziwa, kaambiwa kwa wastani 85,000 kwa siku. Nikamwambia dada, rudi umwombe daftari, siku zote pamoja na tarehe, na umuulize siku gani aliuza 85,000. Amerudi jana na picha za kurasa kwenye simu, siku 31. Tumechana karatasi, tuko nazo mezani hapa, ameshatoa kumi kushoto na kumi kulia.